Barua ya 8 Desemba 1975: Nani Mwenye Kauli juu ya Umbo la Filamu?

Mwaka 2011 kampuni ya Warner ilitoa Barry Lyndon, filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1975, katika diski ya Blu-ray. Picha ilijaa kioo cha televisheni kutoka ukingo hadi ukingo, kwa sababu ilikuwa imepewa uwiano wa 1.78 kwa 1: upana mara 1.78 ya kimo, sawasawa na televisheni bapa zilizokuwa madukani. Wapenzi wa filamu hiyo walilalamika kwamba juu na chini pamekatwa. Akajibu Leon Vitali, aliyeigiza Lord Bullingdon katika filamu hiyo hiyo, kisha akauacha uigizaji na kuwa msaidizi wa karibu wa Kubrick hadi mwisho. Alisema umbo hilo ndilo alilolikusudia mwongozaji.

Kauli ya mtu wa aina hiyo ni nzito. Kubrick alifariki 1999, na mpiga picha wake, John Alcott, aliyepata Oscar kwa kazi hii, alimtangulia mwaka 1986. Lakini palikuwa na shahidi mwingine, naye alikuwa karatasi.

Tarehe 8 Desemba 1975 Kubrick aliwaandikia barua waendesha mitambo wa majumba ya sinema. Nakala yake ilikuwa kwa Jay Cocks, mhakiki na mwandishi wa filamu, na mwaka ule ule wa mabishano, 2011, mhakiki Glenn Kenny akaiweka hadharani. Ndani yake Kubrick anawakumbusha waendesha mitambo kwamba jasho lote lililomwagika kwenye picha, mavazi, rangi na sauti sasa limo mikononi mwao. Kisha anataja namba: filamu imepigwa kwa uwiano wa 1.66, ionyeshwe hivyo hivyo, na kwa hali yoyote isikatwe kupita 1.75. Kikomo hicho ndicho kiini cha barua. Diski ya 2011, kwa 1.78 yake, ilikuwa imevuka mpaka ambao mwenye filamu aliuweka kwa maandishi.

Historia ya namba hizi inajulikana, kwa hiyo nitaipita haraka. Tangu maabara ya Edison miaka ya 1890, filamu ya milimita 35 ilitoa fremu ya 1.33. Sauti ilipoingia, Hollywood ikatulia kwenye 1.37 mwaka 1932, na televisheni za mwanzo, mababu wa zile za kichogo, zikaiga umbo hilo. Televisheni ilipoanza kuzinyang'anya studio watazamaji, zilijibu kwa upana. Mwaka 1953 ikaja filamu ya The Robe kwa CinemaScope, mfumo wa skrini pana, na studio nyingine zikaweka tu vizuizi vya juu na chini ili kupata 1.66, 1.75 au 1.85. Filamu pana zilipofika majumbani kwa televisheni na kaseti, pembeni zilikatwa. Ya CinemaScope ya 2.55 ikijazwa kwenye kioo cha 1.33 hupoteza karibu nusu ya picha yake. Mwongozaji Sydney Pollack alikishtaki kituo cha televisheni cha Denmark kwa kuikata hivyo filamu yake Three Days of the Condor, na mwaka 1997 mahakama ikakubali kwamba kazi yake iliharibiwa, ingawa kesi hakushinda.

Nirudi kwa Kubrick, maana kwake ugomvi huu ulianza kabla ya Barry Lyndon kupata Blu-ray. DVD zilizotolewa na Warner mwaka 1999 zilionyesha The Shining kwa fremu nzima ya 1.33, na kukaenea imani kwamba Kubrick aliipenda fremu hiyo kuliko zote. Zitazame dakika za mwanzo za nakala hiyo. Kamera inalifuata gari dogo kwenye barabara ya mlimani, na chini ya picha kinapita kivuli cha helikopta iliyobeba kamera. Mtu aliyejulikana kwa kurudia onyesho mara nyingi hadi liwe sawa hawezi kuwa aliutaka mwonekano huo ukumbini. Na tena karatasi inatuamulia: kwenye mchoro mmoja wa maandalizi ya filamu hiyo, uliochapishwa baadaye kutoka hifadhi yake, kuna maelekezo kwamba picha ipangwe kwa 1.85, na eneo lote la 1.33 lilindwe tu lisiingiwe na vitu visivyotakiwa. Kulinda eneo ni jambo moja, kulipangia picha ni jambo jingine. Nyumbani, enzi za kichogo, alikubali fremu nzima kuliko pau nyeusi. Huo ulikuwa ukarimu kwa kioo cha wakati ule. Kuufanya wasia wake ni kumsingizia.

Wapo wanaosema tofauti ya 1.66 na 1.78 ni ndogo mno kugombewa. Kwa hesabu, ukiuacha upana ulivyo, kimo hupungua kwa takriban asilimia 7. Lakini Barry Lyndon ni filamu ya kimo. Mara kwa mara kamera huanza karibu na uso au mkono, kisha hurudi nyuma polepole hadi mtu anakuwa mdogo chini ya mbingu kubwa, kwa mtindo wa michoro ya mandhari ya karne ya 18. Duweli ya mwisho inapiganwa ndani ya ghala la mawe lenye dari ya juu, njiwa wakirukaruka na mwanga ukipenya kutoka juu. Uzito wa dari hiyo juu ya vichwa vya watu wawili ni sehemu ya maana. Asilimia 7 inapokatwa hapo, aliyeikata amehariri filamu bila kukiri.

Mwaka 2017 kampuni ya Criterion iliitoa upya kwa 1.66. Sioni sababu ya kumshutumu Vitali kwa uongo. Alitumikia kwa moyo wote, na kumbukumbu ya mtu mwaminifu hubadilika kama ya mtu yeyote. Ndiyo maana kumbukumbu isitangulie karatasi.

Hata hivyo karatasi nazo zina mtego, na filamu ya Shane ndiyo inayouonyesha. George Stevens aliipiga mwaka 1951 huko Wyoming, wakati Hollywood nzima ilipiga kwa 1.37. Ilipotolewa mwaka 1953, homa ya skrini pana ilikuwa imeshapanda, na Paramount ikaionyesha kwa 1.66, karibu asilimia 17 ya kimo ikienda. Mwaka uliofuata mpiga picha wake, Loyal Griggs, akapewa Oscar kwa kazi hiyo. Mwaka 2013 Blu-ray ilipoandaliwa kwa 1.66, George Stevens Mdogo, mtoto wa mwongozaji, aliunga mkono. Mwandishi Jeffrey Wells akapinga kwa nguvu, Woody Allen naye akaandika kutaka 1.37, na hatimaye diski ikatoka kwa 1.37.

Namwelewa mtoto huyo: alitetea umbo ambalo umma ulilipokea, na hati za maonyesho ya 1953 zilikuwa upande wake. Lakini hati hizo zinathibitisha tu namna filamu ilivyouzwa. Aliyeinama nyuma ya kamera mwaka 1951 hakuwa na alama ya 1.66 machoni pake, kwa kuwa mtindo huo haukuwa umefika. Tarehe ya kupiga ndiyo inayohukumu, na tarehe ya kuonyesha ni ushahidi wa pili. Kwa Barry Lyndon tarehe hizo mbili zinasema kitu kimoja. Kwa Shane zinapingana, na ya kwanza ndiyo yenye haki. Pale ushahidi unapogawanyika kweli, kuna njia ya uungwana: On the Waterfront ilitolewa na Criterion mwaka 2013 kwa maumbo matatu, mtazamaji ajionee.

Sina subira hiyo kwa mpiga picha Vittorio Storaro, aliyeikata filamu yake Apocalypse Now kuwa 2.00 kwenye DVD ili ifuate uwiano mmoja alioubuni kwa filamu zote. Mikono iliyopiga picha haipati ruhusa ya kufuta ilichopiga. Wala kwa Disney, iliyoweka vipindi vya zamani vya katuni ya The Simpsons mtandaoni mwaka 2019 vikiwa vimekatwa, hadi kichekesho cha mapipa matatu ya bia ya Duff kikapotea, kwa kuwa bomba moja linaloyajaza yote lilikuwa juu ya fremu. Mwaka 2020 umbo la awali likarudishwa, baada ya malalamiko.

Katika visa hivi, umbo lililolazimishwa mara nyingi lilikuwa la kioo kilichokuwa sokoni mwaka huo, kisha likavikwa jina la msanii. Kichogo kilidai 1.33, bapa ikadai 1.78, na kioo kijacho kitadai lake. Anayetoa filamu ya zamani leo aandike kwenye jalada uwiano wake, mwaka iliopigwa, na hati aliyoitegemea, kisha aiweke hati hiyo ndani ya diski ili tuisome. Asiye na hati aseme hana, atoe maumbo yote yanayobishaniwa. Barua ya ukurasa mmoja ilitosha kuirudishia Barry Lyndon kimo chake. Nyingine za aina hiyo zimo katika makabati ya studio na familia, na kuzitafuta kabla ya kukata ni wajibu wa kwanza wa kila anayejiita mhifadhi wa filamu.