Kipupwe si majira ya theluji: Pwani ilivyojiandaa kuipokea kusi

Kuna orodha moja ambayo wanafunzi wengi wa Kiswahili wameikariri tangu shule ya msingi. Kiangazi ni majira ya joto ya Ulaya, vuli ni wakati wa majani kupukutika, kipupwe ni wakati wa theluji, na masika ni wakati wa maua kuchanua. Majira manne, maneno manne, kila moja limepata mwenzake. Ubaoni imekaa vizuri sana. Kasoro yake ni kuwa haikutungwa na mtu aliyewahi kuitazama bahari ya Lamu mwezi wa Juni.

Ninavyoona mimi, maneno haya hayakuzaliwa ili kupima joto na baridi. Yalizaliwa kazini. Yaliwaambia watu lini chombo kiingie majini na lini kipandishwe pwani, lini shamba lichomwe na lini lipandwe, lini mgeni aliyetoka Suri au Sheheri aanze kufunga mizigo yake arudi kwao. Ukiyang'oa hapo na kuyapachika kwenye kalenda ya nchi za theluji, yanabaki maganda matupu. Na si suala la wanaisimu pekee, kama tutakavyoona.

Tuanze na pepo mbili zilizoitawala pwani hii kwa karne nyingi. Kaskazi huvuma kuanzia karibu na Desemba hadi Machi. Wakati huo bara la Asia limeshikwa na baridi, hewa yake ni nzito, nayo husukumwa kuja baharini hadi kwetu. Ikifika huku imekauka, na jua liko juu ya vichwa vyetu. Kwa hivyo lile joto la Januari na Februari linalowafanya watu wa Mombasa kulala barazani limeletwa na upepo ambao ni mtoto wa baridi ya Asia. Hicho ndicho kiangazi cha pwani: visima vinashuka, nyasi zinakuwa rangi ya kahawia, bahari inatulia. Mwarabu aliyeondoka kwao katika majira yake ya baridi alitia nanga Mombasa katikati ya joto letu kali. Msimu mmoja, upepo mmoja, majina mawili yanayopingana.

Kusi ni kinyume chake. Huanza kujitokeza Aprili, ikakaza Juni na Julai, kisha ikalegea kuanzia Agosti. Ndani yake mna masika, mvua kubwa za Machi hadi Mei. Kisha kipupwe, ule ubaridi wa Juni hadi Agosti. Halafu demani, mkia wa kusi, bahari inapoanza kukubali tena. Katikati ya kusi huweza kunyesha mvua chache ambazo wazee waliziita mchoo. Na pale pepo mbili zinapopokezana zamu, upepo hauna mwelekeo maalumu, ndipo mabaharia husema ni maleleji au tanga mbili. Hebu hesabu mwenyewe, msomaji. Hayo si majira manne. Tena hayafuatani kwenye mstari mmoja: kipupwe kimo ndani ya kusi, kama chumba kilivyo ndani ya nyumba.

Hata neno msimu lenyewe limetoka humo humo. Asili yake ni mawsim ya Kiarabu, yaani wakati uliowekwa kwa jambo fulani. Wareno walilichukua wakalifanya monção, na kutoka kwao likasambaa katika lugha za Ulaya kama jina la pepo za Bahari Hindi. Kwetu, kamusi za zamani zinalieleza msimu kuwa hasa wakati wa kaskazi, vyombo vya mbali vinapoingia. Leo tuna msimu wa maembe, msimu wa ligi na hata msimu wa kampeni. Neno limepanuka, hakuna ubaya. Lakini lilianza na tanga.

Anayetaka kujua uzito wa kalenda hii na aitazame safari ya Vasco da Gama. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi ikiwa imeanza na bado haijawa kali, akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi. (Wapo wanaosisitiza kuwa rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, wanahistoria wengi siku hizi hawakubali.) Chini ya mwezi mmoja alikuwa Calicut. Lakini kurudi, hakusubiri. Aliiacha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi ikiwa haijaja. Bahari aliyoivuka kwa wiki chache mwezi wa Aprili ilimchukua takriban miezi mitatu. Upepo ulimkataa, maji yakapungua, kiseyeye kikaua mabaharia wapatao 30. Alipofika Malindi Januari 1499 hakuwa na watu wa kutosha kuendesha merikebu zote, ikabidi aichome moto São Rafael karibu na Mombasa. Merikebu hiyo haikuzamishwa na adui. Ilipotea kwa sababu nahodha aliondoka kabla ya wakati.

Kalenda hiyo ndiyo iliyoamua hata miji ipi iwe mikubwa. Chombo kilichotoka Arabuni na kaskazi kiliweza kufika Kilwa, kikafanya biashara na kurudi kwa kusi ya mwaka uo huo. Kwenda mbele zaidi hadi Sofala, kwenye dhahabu, kulihitaji msimu wa pili. Basi Kilwa ikakaa mpakani pa upepo, ikatajirika. Ibn Battuta aliifika mwaka wa 1331 akausifu mji huo, kisha akarudi kaskazini kwa upepo ule ule uliowarudisha wafanyabiashara.

Sasa tuje kwenye maandalizi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo lugha ilipojaa vitu. Joto la kaskazi likielekea mwisho, pwani nzima ilikuwa kama nyumba inayotarajia mgeni mkali. Vyombo vya ng'ambo vilijaza boriti za mikoko na bidhaa nyingine ili viondoke Aprili au mapema Mei. Baada ya hapo kusi ingekuwa kali mno, na bandari za magharibi mwa India zingefungwa na dhoruba. Aliyechelewa alikuwa na njia moja tu: akae hadi demani, Agosti au Septemba, ndipo aondoke. Miezi hiyo mtu alikula akiba yake, akakopa, wengine wakaoa. Nasaba nyingi za pwani zinaanzia kwa mgeni aliyechelewa upepo.

Vyombo vya wenyeji navyo vilipandishwa pwani. Vilisuguliwa chini kuondoa chaza na magugu ya bahari, vikatiwa kalafati kwenye nyufa, vikapakwa sifa, yaani mafuta ya papa, ambayo harufu yake huijua mtu kabla hajaviona. Chini vilipakwa deheni. Matanga yalishonwa, kamba za makumbi zikasokotwa upya. Wavuvi walibaki ndani ya mwamba, mahali ambapo mawimbi yamekwisha kuvunjika, na siku nyingine hawakutoka kabisa. Watu walisema bahari imefungwa. Samaki wa kukausha aliyewekwa wakati wa kaskazi ndiye aliyeliwa. Nyumbani, makuti yaliyokauka na kupasuka kwa jua yalibadilishwa kabla ya masika, na kuni zikaingizwa ndani. Shambani, Februari ilikuwa ya kufyeka na kuchoma, ili mvua ya kwanza ikute ardhi tayari. Kiangazi, kwa maana hiyo, hakikuwa wakati wa mapumziko. Ndicho kilichobeba kazi zote za kujikinga na miezi iliyokuwa ikija.

Watu hawa walijuaje tarehe? Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, na una siku 354 au 355, kwa hivyo haulingani na upepo. Ramadhani yaweza kuangukia kusi mwaka huu na kaskazi baada ya miaka kadhaa. Mabaharia na wakulima walitumia mwaka mwingine, wa jua, ulioanza siku ya Nairuzi, neno la Kiajemi lenye maana ya siku mpya. Ulikuwa na siku 365, ukagawanywa katika vipindi vya siku kumi kumi. Kipindi kimoja kiliitwa mwongo. Ndiyo, msomaji, ni mwongo huo huo tunaoutumia leo kwa miaka kumi. Babu zetu walihesabu miongo ya siku kujua lini mbegu itiwe ardhini na lini chombo kishushwe. Ibn Majid naye, katika maandishi yake ya karne ya 15, alizitaja tarehe za safari kwa siku za Nairuzi.

Hesabu hiyo ilikuwa na dosari. Haikuwa na siku ya nyongeza kila baada ya miaka minne, kwa hivyo ilirudi nyuma siku moja kila miaka minne, karibu siku 25 kwa karne. Mwenye kuitumia alilazimika kuirekebisha kwa kutazama nyota na upepo wenyewe. Masalia yake yako Makunduchi, Unguja, ambako Mwaka Kogwa husherehekewa mwezi wa Julai, kusi ikiwa katika ukali wake.

Wamisionari walioandika kamusi za kwanza waliyasikia maneno haya yakiwa bado kazini. Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, na kamusi yake ikachapishwa 1882 yeye akiwa ameshafariki. Steere alitoa kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka wa 1870. Wote walikuwa wakieleza majira kwa pepo, mvua na miezi. Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka wa 1930 na lahaja ya Kiunguja ikafanywa msingi wa usanifishaji, maneno ya Unguja ndiyo yaliyopewa kipaumbele. Kwa Wamijikenda, kwa mfano, zile mvua kubwa ni za mwaka: mvua na mwaka vina jina moja, maana isiponyesha, umehesabu nini? Katika Kiswahili sanifu matumizi hayo yamesukumwa pembeni, masika ikakaa kitini.

Orodha ya ubaoni niliyoanza nayo imekuja baadaye, katika haraka ya kutafsiri. Na imeleta mkanganyiko unaoonekana. Bara, watu wengi sasa wakisema kiangazi wanamaanisha ukame, mifugo kufa na misaada ya chakula. Katika kurasa za michezo, kiangazi ni Julai, klabu za Uingereza zinaposajili wachezaji. Kwa mvuvi wa Malindi kiangazi ni Januari, bahari shwari. Hao ni Waswahili watatu wanaotumia neno moja kwa mambo matatu, na kila mmoja ana uhakika.

Mkanganyiko huo si mchezo pale lugha inapobeba tahadhari. Mamlaka ya hali ya hewa ya Tanzania hutoa mwelekeo wa msimu wa kipupwe, Juni hadi Agosti, kwa jina hilo hilo, na hueleza humo habari za upepo na mawimbi. Kwetu Kenya tunasikia masika na vuli zikitajwa, lakini miezi ya katikati huitwa tu msimu wa baridi, kana kwamba Limuru na Kiunga ni pamoja. Baridi ya Limuru ni mawingu na ukungu. Ya Kiunga ni upepo unaoweza kupindua mashua. Meli ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, tarehe 18 Julai 2012, siku ya upepo mkali na mawimbi makubwa, na watu wengi wakapoteza maisha. Chombo kile kilikuwa na injini, lakini Julai haikuacha kuwa Julai. Anayeambiwa asubuhi kuwa kusi imekaza anaelewa jambo ambalo neno baridi haliwezi kumwambia.

Basi tufanyeje na majira ya Ulaya? Kwa maoni yangu, tuyaeleze tu. Majira ya baridi, majira ya joto, majira ya machipuko, majira ya majani kupukutika: ni marefu kidogo, lakini hayamdanganyi mtu. Kipupwe kibaki Juni hadi Agosti hapa petu. Vuli ibaki mvua za Oktoba hadi Desemba, wala isipewe majani mekundu ya miti ambayo haioti Kilifi. Na demani, ambayo baadhi ya watafsiri wameanza kuipa kazi ya majani hayo hayo, inayo kazi yake tayari: mvuvi akiambiwa imeingia, huenda kutazama chombo chake kilichopandishwa tangu Mei, akabonyeza kalafati kwa kidole gumba kuona iliposhika na ilipoachia.