Shahidi Aliyealikwa: Mabishano Kuhusu Fallout 3, 2007–2008

Baada ya kikao cha klabu cha mwezi uliopita, wenzetu wawili walibaki mlangoni karibu saa nzima wakibishana kuhusu Grand Theft Auto VI, gemu ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeigusa. Ushahidi wa mmoja ulikuwa vionjo vifupi vilivyotolewa na kampuni. Ushahidi wa mwingine ulikuwa kumbukumbu ya gemu zilizotangulia. Kila mmoja akamtupia mwenzake swali lilelile: "Hujaicheza, utajuaje?"

Nilicheka, lakini swali lenyewe si la mzaha. Ni swali la mwanafunzi yeyote wa historia anapokabidhiwa waraka: aliyeuandika alikuwapo? Aliona nini? Nani alimruhusu aone? Katika historia fupi ya michezo ya video, sijui tukio linalolionyesha swali hilo vizuri kuliko mabishano yaliyozuka mwaka 2007, pale waandishi wachache walipoonyeshwa Fallout 3 mwaka mzima na zaidi kabla haijatoka.

Fallout ya kwanza ilitolewa mwaka 1997 na kampuni ya Interplay ya California. Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa Tim Cain. Dunia imekwisha kuungua kwa vita vya nyuklia. Mwaka 2161 mchezaji anatoka katika handaki namba 13 kutafuta kifaa kidogo cha mtambo wa maji, na ana siku 150 kabla watu wake hawajakaukiwa. Nyika anaitazama kutoka juu, kwa pembe, kama mtu aliyesimama nyuma ya wacheza bao, na mapigano nayo huenda kwa zamu kama bao: wewe unacheza, adui anacheza. Lakini kilichowakaa watu moyoni zaidi ni mazungumzo. Adui mkuu, aitwaye Master, anaamini kwamba majitu aliyoyaumba ndiyo yatakayoirithi dunia. Unaweza kumpiga risasi. Unaweza pia, kama ulihangaika mapema ukapata ripoti ya kitabibu inayothibitisha kwamba majitu hayo hayazai, kumwekea ripoti hiyo mbele yake. Anaisoma, anaelewa kwamba kazi yake yote ni bure, anajiangamiza. Umeshinda kwa waraka! Mtu aliyewahi kumaliza gemu kwa njia hiyo hawezi kuridhika kirahisi akiambiwa kwamba bunduki za toleo jipya zinapendeza.

Fallout 2 ikafuata mwaka 1998, kutoka kitengo cha Interplay kilichoitwa Black Isle. Kisha ukaja ukame. Zilitoka gemu mbili za pembeni, mwaka 2001 na 2004, ambazo mashabiki wengi wa zamani hata hawazihesabu. Black Isle walikuwa wakitengeneza toleo la tatu kwa jina la siri la Van Buren, lakini Interplay ilizama katika madeni na Desemba 2003 kitengo hicho kikafungwa. Mwaka uliofuata kampuni ya Bethesda Softworks, ya Rockville katika jimbo la Maryland, ililipia haki ya kutengeneza Fallout 3 kwa malipo ya awali ya dola 1,175,000. Aprili 2007 ikanunua jina lote kwa dola 5,750,000. Nyumba ya wazee ilikuwa imeuzwa, na warithi walisikia habari hizo kama majirani wengine walivyozisikia.

Bethesda hawakuwa wageni katika kazi hiyo. Mwaka 2006 walikuwa wametoa Oblivion, gemu ya mapanga na misitu, ambayo mchezaji anaiona dunia kwa macho ya mhusika wake na kupigana papo kwa papo, bila kusubiri zamu. Iliuzwa sana. Ndiyo maana, kabla picha hata moja ya Fallout 3 haijaonekana, mashabiki walikwisha kuwa na kejeli yao: hii itakuwa Oblivion yenye bunduki.

Juni 5, 2007 kionjo cha kwanza kikatoka. Kilikuwa na wimbo wa The Ink Spots na sauti ya Ron Perlman, vitu viwili ambavyo kila shabiki alivijua tangu gemu ya kwanza. Hakikuonyesha namna ya kucheza hata kidogo. Hayo yaliachiwa waandishi. Jarida la Game Informer lilipata makala ya jalada katika toleo la Julai, na wiki hizohizo waandishi wengine walionyeshwa sehemu ya gemu. Hapo ndipo vita vilipoanza.

Tuisome hakiki ya awali kama tunavyofundishwa kusoma waraka wa aina nyingine yoyote. Kwanza, mwandishi amealikwa, na aliyemwalika ndiye anayeuza bidhaa. Pili, katika maonyesho yale ya 2007 waandishi walitazama tu. Aliyeshika pedi alikuwa mtu wa Bethesda, aliyejua ageukie wapi na afungue mlango upi. Tatu, mwandishi hupangiwa siku ambayo kabla yake hairuhusiwi kuchapa. Nne, chombo chenyewe kina bwana wake: Game Informer wakati huo lilikuwa mali ya GameStop, kampuni ya maduka yanayouza gemu hizohizo. Sisemi kwamba waandishi walidanganya. Sina sababu ya kudhani hivyo, na mengi waliyoyaeleza yalikuja kuonekana ni kweli. Walikuwa mashahidi waliotembezwa nyumba kwa mkono, chumba baada ya chumba, na mwenye nyumba ndiye aliyeshika funguo.

Mwaka huo haukuwa mzuri kwa imani hiyo. Novemba 2007 mhakiki Jeff Gerstmann alifukuzwa GameSpot muda mfupi baada ya kuihakiki vibaya Kane & Lynch, gemu ambayo matangazo yake yalikuwa yamejaa katika tovuti ileile. Wengi walihisi kuna uhusiano, na mwaka 2012 Gerstmann mwenyewe alithibitisha kwamba hakiki hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu.

Basi mashabiki walibishania nini? Walioshangilia waliona mji wa Megaton, uliojengwa kuzunguka bomu la nyuklia ambalo halijalipuka. Mtu mmoja mwenye suti anakupa kazi ya kulilipua, na unaweza kukubali: mji mzima, watu wake na shughuli zao, unatoweka. Huo, walisema, ndio uhuru wa Fallout. Waliona pia mfumo wa VATS, unaosimamisha wakati ili uchague kiungo cha adui na kuona asilimia ya uwezekano wa kukipata. Wakasema zamu za zamani zimeheshimiwa. Hawa hawakuwa wageni wote. Wamo waliocheza mwaka 1997 na ambao miaka yote hiyo walitamani kushuka kutoka kule juu, watembee wenyewe ndani ya nyika.

Upande wa pili walisoma sentensi zilezile na kuona mambo mengine. VATS si zamu, walisema; ni saa iliyosimamishwa kwa ajili ya kukuonyesha damu. Brotherhood of Steel, ambao katika gemu za kwanza walikuwa wachoyo wa teknolojia waliojifungia, sasa walionekana kama askari wema wanaookoa watu mitaani Washington. Na lililowaudhi kuliko yote lilikuwa Fat Man, silaha ya begani inayorusha bomu dogo la nyuklia. Katika dunia ambayo huzuni yake yote inatokana na bomu hilo, bomu sasa limekuwa kitu cha kumrushia jitu lililo ng'ambo ya barabara.

Jibu walilopewa mara nyingi, na baadhi ya waandishi na hata na mashabiki wenzao, lilikuwa moja: ninyi hamjaiona, sisi tumeiona, nyamazeni mpaka itoke. Hapa ndipo ninaposimama upande wa wabishi, si kwa kuwa walikuwa sahihi katika kila jambo, bali kwa namna walivyofikiri. Hakuna aliyekuwa ameicheza. Mwandishi aliiona kidogo ikichezwa na mwingine. Shabiki alikuwa na maandishi ya mwandishi huyo, picha chache, na miaka kumi ya kuzijua gemu mbili za kwanza nje ndani. Hata masalio ya Van Buren yaliwafikia mashabiki mwaka huohuo wa 2007: kipande kidogo cha majaribio kiliachiwa hadharani, wakakigusa toleo la tatu ambalo halikuzaliwa. Kusema kwamba kukaa chumbani na watengenezaji ni elimu, lakini miaka kumi ya kucheza si elimu, ni kuchanganya ukaribu na ujuzi. Tatizo la wabishi lilikuwa jingine: wengi wao waliandika kwa matusi, na matusi yakawarahisishia wapinzani kazi. Hoja nzuri ikivaa ulimi mchafu, watu hujibu ulimi.

Kuhusu Fat Man, nadhani wakati umewatetea. Jina hilo ni la bomu lililoangushwa Nagasaki Agosti 9, 1945. Gemu ilipotolewa Japani silaha hiyo ilibadilishwa jina, na uchaguzi wa kuulipua Megaton ukaondolewa. Kwa hiyo kitu kilekile ambacho mhakiki mmoja alikisimulia kama burudani, na shabiki mmoja akakilalamikia kama dharau, kilionekana mahali pengine kuwa kizito mno kuguswa. (Australia nayo iliikataa gemu kwanza kwa sababu ya mofini, dawa ikapewa jina la kubuni, Med-X, na gemu ikaruhusiwa. Mabomu hayakumsumbua mtu huko.)

Kuhusu Brotherhood, wabishi waliharakisha. Gemu yenyewe ililiona tatizo hilo: tawi la Washington limeacha mwenendo wa wenzao wa California, na wanachama waliokasirishwa na jambo hilo wamejitenga, wanajiita Outcasts. Ukikutana nao na kuwasikiliza, utadhani watengenezaji walikuwa wamekaa kimya mahali wakiwasikiliza mashabiki wakinung'unika.

Fallout 3 ilitoka Marekani Oktoba 28, 2008. Novemba Bethesda ilitangaza kwamba nakala milioni 4.7 zilikuwa zimepelekwa madukani, na wastani wa wahakiki katika Metacritic ulipita 90. Kwa hesabu hiyo, walioshangilia walishinda, na mwandishi wa habari angeishia hapo. Lakini historia ina tabia ya kurudi chumbani baada ya wageni kuondoka. Kasoro iliyokuja kulalamikiwa na karibu kila mtu, rafiki na adui, ni mwisho wa gemu. Mwaka 2008 Todd Howard, aliyeongoza utengenezaji, alisema kwamba gemu ina miisho zaidi ya 200. Ukifika, unakuta mlango wa chumba kilichojaa mionzi, na mtu mmoja lazima aingie afe. Huenda pembeni yako amesimama Fawkes, jitu ambalo mionzi haliliumizi kabisa, na ambalo limewahi kuingia mahali pa aina hiyo kwa ajili yako. Unamwomba. Anakataa, eti hiyo ni hatima yako. Miisho 200 ilikuwa michanganyiko ya picha na maneno ya kufungia. Mlango ulikuwa uleule. Mei 2009 nyongeza iitwayo Broken Steel iliurekebisha: Fawkes anakubali, na mchezo unaendelea.

Jambo hilo halikuwamo katika mabishano ya 2007. Haliwezi kuonekana katika onyesho fupi, wala kubashiriwa kutokana na gemu za zamani. Pande zote mbili zilikuwa zikipigania sebule, na ufa ulikuwa jikoni.

Mazungumzo, je? Yule Master aliyeshindwa kwa ripoti ana mjukuu wake katika Fallout 3: Eden, rais ambaye kumbe ni kompyuta, naye unaweza kumshawishi ajiangamize. Ila ukichagua kumshawishi kwa ufasaha, pembeni ya maneno yako inaandikwa asilimia ya uwezekano wa kufaulu. Ukishindwa, unarudia pale ulipohifadhi mchezo, unatupa kete tena. Nimezicheza zote mbili. Kwa Master nilihisi nimejenga hoja. Kwa Eden nilihisi nimebahatika.

Mwaka 2010 ikaja Fallout: New Vegas. Bethesda walikuwa wameikabidhi kazi hiyo kwa Obsidian, kampuni iliyokuwa na watu kadhaa wa Black Isle, na humo yakafufuka mambo ya Van Buren: bwawa la Hoover, jeshi la Caesar. Mashabiki walioambiwa wanyamaze mwaka 2007 walirudishiwa sehemu ya kile walichokidai, tena ndani ya umbo lilelile walilolikejeli. Mwaka 2012 Chris Avellone wa Obsidian alieleza hadharani kwamba mkataba wao haukuwa na mgawo wa mauzo. Kulikuwa na bakshishi tu, kama wastani wa wahakiki katika Metacritic ungefika 85. Ulifika 84.