SOMO LA LEO: REJETA YA LAND ROVER KUUKUU
Kipi kibadilishwe, kipi kitunzwe

Leo tutazungumza habari za motokaa za zamani na maji yanayozipoza. Tuseme umerithi Land Rover ya miaka ya 1950 au 1960. Unaipandisha kutoka Mtwara kwenda Newala, na kabla hujafika juu maji yanachemka. Fundi wa kwanza anakuambia, "Nunua rejeta mpya." Wa pili anasema, "Ng'oa themostati." Wa tatu anataka ubadilishe kila kitu. Je, umsikilize nani? Jibu lake limo katika historia, basi na turudi nyuma kidogo.

Petroli inapowaka ndani ya injini, si joto lake lote linaloendesha magurudumu. Karibu theluthi moja huchukuliwa na maji, nayo maji hulitoa nje kwa njia ya rejeta. Ford ya aina ya T, iliyotengenezwa Marekani tangu mwaka 1908 hadi 1927, karibu zote hazikuwa na pampu ya maji. Maji ya moto ni mepesi, hivyo yalipanda yenyewe mpaka juu ya rejeta. Yalipopoa yakawa mazito, yakashuka na kurudi katika injini. Ufundi huo ulikuwa rahisi, lakini mlimani ulichemka upesi.

Motokaa za baadaye zikaongezewa pampu ya kusukuma maji, na themostati, yaani mlango mdogo unaofunguka maji yakipata moto wa kutosha. Tena zikawekewa kifuniko chenye springi. Kifuniko hicho kina kazi kubwa. Kila ratili moja ya mgandamizo kwa inchi ya mraba huongeza kiwango cha kuchemka kwa digrii moja na nusu hivi. Newala iko juu ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, na huko maji ya sufuria huchemka kabla ya kufika digrii 100. Kwa hiyo kifuniko kibovu kinaweza kukuchemshia injini nzima.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi wa Aprili, 1948. Wakati huohuo huku kusini mwa Tanganyika kulikuwa na Mradi wa Karanga wa serikali ya Uingereza. Misitu ya Nachingwea ilifyekwa kwa mashine, reli ikajengwa, na bandari ya kina kirefu ya Mtwara ikafunguliwa mwaka 1954. Lakini mradi wenyewe ulikuwa umekwisha kuachwa mwaka 1951, na reli ikafungwa mwaka 1962. Tangu hapo mizigo ya bara ikategemea malori na barabara.

Barabara nazo zilikuwa na taabu yake. Kaskazini kuna mto Rufiji, kusini kuna mto Ruvuma. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na Daraja la Umoja juu ya Ruvuma mwaka 2010. Kabla ya hapo Rufiji ilivukwa kwa kivuko, na masika barabara ya Dar es Salaam ilikatika. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 fedha za kigeni zikaadimika nchini, na vipuri vikawa haba hata Dar es Salaam kwenyewe. Huku Mtwara ilikuwaje, fikiri mwenyewe.

Mafundi wa siku zile hawakukaa mikono mitupu. Mpira uliopasuka waliufunga kwa vipande vya tyubu. Themostati iliyokwama waliitoa na kuitupa. Rejeta iliyotoboka waliilehemu kwa risasi. Maji waliyotia yalikuwa yale yaliyopatikana. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi, na juu ya uwanda wa Makonde maji yalikuwa haba mno, hata watu wakateremka mabondeni kuyateka.

Maarifa hayo yalizifikisha motokaa nyingi safari zake. Lakini yalikuwa dawa za wakati wa njaa. Leo vipuri vinapatikana, na kazi yetu ni kuyachambua tuliyorithi: desturi ipi tuiache na ipi tuishike.

Kwanza, vitu vya mpira. Hivi huzeeka hata gari likisimama. Mabomba ya mpira, mkanda wa feni na kifuniko cha rejeta ubadilishe vyote kwa pamoja. Usidanganywe na sura ya nje, maana mpira huanza kuoza kwa ndani. Bomba la chini likilegea, pampu hulinyonya likajifunga, na maji hayapiti.

Pili, themostati. Irudishe! Wengi hudhani kuwa nchi ya joto haiihitaji. Injini inayokwenda bila kupata moto wake hula petroli na silinda zake huchakaa upesi. Tena katika injini nyingine, ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka bila kupita katika rejeta. Kuipima ni rahisi: itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni. Isipofunguka kabla ya maji kuchemka, nunua nyingine.

Tatu, pampu. Iangalie kabla ya kuinunua. Tikisa feni kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Ikichezacheza, au maji yakidondoka chini ya mhimili wake, pampu imechoka. Kama sivyo, iache.

Nne, rejeta yenyewe. Hapa ndipo wazee walipokuwa na haki. Rejeta ya zamani ni ya shaba, nayo hulehemiwa, hufunguliwa na kuzibuliwa mirija yake. Rejeta nyingi za siku hizi ni za aluminiamu na plastiki, na zikipasuka fundi wa risasi hana la kufanya. Basi usiitupe ya shaba kwa sababu ya tundu moja. Ipapase injini ikiwa imezimwa lakini rejeta ingali na moto. Sehemu iliyo baridi ndiyo iliyoziba. Ila kifuniko usikifungue mpaka maji yapoe, maana mvuke wake huunguza vibaya.

Tano, maji. Usitie maji ya chumvi, kwa maana hula chuma, na maji yenye chokaa huacha ukoko kama ule wa ndani ya birika. Kinga maji ya mvua, uchanganye na dawa ya kuzuia kutu.

Sasa wajibu wale mafundi watatu kwa kuuliza gari linachemka lini. Likichemka limesimama au likienda polepole, tazama feni na mkanda wake. Likichemka katika mwendo wa kasi au mlima mrefu, tazama bomba la chini na mirija ya rejeta. Ukiona mapovu yakitoka rejetani tangu injini ikiwa baridi, shaka gasketi ya silinda hedi, wala rejeta mpya haitakufaa. Ukiendelea kuendesha hivyo, silinda hedi itapasuka, na ya gari la miaka sitini si rahisi kuipata tena.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kwanza ujue ufa uko wapi.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:
1. Kwa nini mafundi wa zamani walitoa themostati, na kwa nini leo irudishwe?
2. Mito Rufiji na Ruvuma ilihusikaje na matengenezo ya motokaa huku kwetu?
3. Maji ya kisima cha kijiji chenu yanafaa kutiwa katika rejeta? Chunguzeni ndani ya birika zenu.

Kwaheri mpaka somo lijalo.