Jembe, Ngoma na Marobota

Wanaosimulia historia ya muziki wa Mwanza huanzia kwenye kumbi za dansi za mjini. Mimi ni mtoto wa wakulima wa pamba wa Kisesa, na naianzia shambani, maana mji huu ulipata fedha zake huko, na midundo yake pia.

Wajerumani waliweka boma lao hapa mwaka 1892. Reli ya kutoka Tabora ilifika mwaka 1928, na pamba ya Usukuma ikapata njia ya kwenda Dar es Salaam bila kuvushwa ziwa hadi Kisumu. Hakukuwa na mashamba makubwa ya walowezi. Pamba ililimwa na familia kwa jembe la mkono, na shamba likiizidi familia, waliitwa vijana wa kijiji chini ya kiongozi wao, nsumba ntale. Walikuja na ngoma.

Hapo ndipo bugobogobo ilipozaliwa. Wapigaji husimama pembeni mwa shamba, hawalimi. Walimaji hujipanga mstari mmoja, majembe yakipanda na kushuka pamoja, na mpigaji ndiye anayeamua kasi. Anayejiweza hurusha jembe juu, hujigeuza, hulidaka na kulizamisha ardhini bila kupoteza pigo hata moja. Nikiwa mdogo niliwafuata kwa nyuma, na ninachokumbuka zaidi ni mlio wa majembe mengi yakigonga udongo kwa pamoja. Kufikia saa nne eka ilikuwa imegeuzwa, na ng'ombe au chakula cha malipo kilikuwa kinawangoja.

Mavuno yalianza mwezi Mei. Sisi watoto tulichambua kwa vidole: nyeupe rundo hili, ndiyo safi; yenye madoa rundo lile, ndiyo fifi. Kisha mizani. Kwa miaka mingi mkulima alipunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, na hasira hiyo ndiyo iliyozaa ushirika. Paul Bomani, aliyeanzia kwenye ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza, alizunguka vijijini akiwaunganisha wakulima, na mwaka 1955 vyama vyao vikaunda Victoria Federation of Co-operative Unions. Wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa imepiga marufuku chama cha siasa cha TANU Usukumani, marufuku iliyodumu hadi 1958. Basi ushirika ukawa uwanja ambao watu walijifunzia kukutana, kuchagua viongozi na kudai haki. Kwangu mimi, hilo lina uzito kuliko majengo yote ya mji.

Fedha za pamba zilipolipwa, kiangazi kilikuwa kimeingia na msimu wa mashindano ya ngoma umefika. Bagika upande huu, Bagalu upande ule. Ni vyama viwili vilivyotokana na ushindani wa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Ndiyo maana ningi, mtunzi na kiongozi wa nyimbo, hawezi kuridhika na wimbo wa mwaka jana. Watu watahamia upande wa pili. Katika nyimbo zake aliingiza bei ya pamba, njaa, ubabe wa wakubwa, na habari za mjini ambazo gazeti lisingethubutu kuandika. Padri David Clement wa Bujora alielewa jambo hili mapema, akazikaribisha ngoma hizo kwenye sikukuu ya Ekaristi. Bulabo, kama sikukuu hiyo inavyoitwa, ikawa na Bagika na Bagalu wake hadi leo, kila Juni.

Miaka ya 1960 kilijengwa kiwanda cha nguo cha Mwatex, na vijana walioshika jembe wakaanza kushika mitambo kwa zamu. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, uamuzi ambao naamini uliumiza Usukuma kuliko ukame wowote, na viliporudishwa miaka ya 1980 nguvu ile haikurudi navyo. Miaka ya 1990 Mwatex ilidorora, na viwanda vilivyobaki vikivuma mjini vikawa vya kuchakata sangara.

Pamba ilibaki kwenye mpira. Timu ya Mwanza, Pamba SC, iitwayo pia TP Lindanda au wana Kawekamo, ilicheza Kombe la Washindi Afrika mwaka 1990, wakati zao lenyewe lilikuwa likiyumba. Ilishuka daraja, ikakaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20, ikarejea mwaka 2024 kama Pamba Jiji. Wengi wa vijana wanaoishangilia kwenye uwanja wa Kirumba hawajawahi kushika kitumba cha pamba; kilimo kimesogea mkoani Simiyu, kule Bariadi na Meatu. Lakini ngoma zinapoanza jukwaani na pande mbili zikaanza kugombea sauti za watu, mzee yeyote wa Kisesa anajua mchezo huo ulianzia wapi.