Maboma yaliyoitangulia Albertville

Umri wa mji wa Kalemie, zamani Albertville, huhesabiwa kuanzia Desemba 1891, Kapteni Jules Jacques, aliyetumwa na jumuiya ya Wabelgiji ya kupinga utumwa, alipojenga ngome kando ya ziwa Tanganyika na kuipa jina la mwanamfalme Albert. Tarehe hiyo si ya uongo, ila inaanza habari katikati. Pwani hii ilikuwa tayari na maboma yake, na mafundi wake wa kuyajenga. Anayepanda vilima vya upande wa Mpala na Marungu akitafuta mabaki ya Wazungu peke yao atapita juu ya historia nzima bila kuiona.

Ushahidi wa kwanza ni vita vyenyewe. Mwaka 1892 watu wa Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan al-Barwani, bwana mkubwa wa biashara ya Ujiji, walimzingira Jacques. Hawakukaa mahemani wakingoja njaa imtoe. Walijenga boma lao karibu na ngome yake, na mwezi wa Agosti, Jacques alipolishambulia pamoja na Wazungu wenzake Delcommune na Joubert, boma halikuvunjika. Ilibidi msaada zaidi ufike ndipo mzingiro uishe, mwanzoni mwa 1893. Miti na udongo vilitosha kuwazuia Wazungu hao na bunduki zao. Ushahidi wa pili ni wa miaka michache kabla: Wazungu waliomtangulia Jacques waliwakuta wenyeji na watawala wao, wakawategemea. Mwaka 1879 Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, alifika kwa Lusinga, mtemi wa Kitabwa aliyejikita milimani juu ya ziwa. Émile Storms, afisa wa Kibelgiji, naye alipojenga kituo chake mwaka 1883, alikijenga penye mlango wa mto Lufuko, katika nchi ya chifu Mpala, baada ya kuchanjiana naye undugu wa damu. Bila ardhi ya Mpala, chakula cha wenyeji na mikono ya wangwana aliokuja nao kutoka ng'ambo ya ziwa, kituo kisingesimama hata msimu mmoja. Desemba 1884 watu wa Storms walimuua Lusinga, wakamkata kichwa. Fuvu lake na sanamu yake ya mbao vilichukuliwa hadi Ubelgiji.

Atatokea wa kusema: Lusinga aliuza watu, Rumaliza naye vivyo hivyo, je, tuwape heshima wauza watumwa kwa kuwa walijua kujenga? Hoja hiyo ina uzito, na wajukuu wa waliouzwa wapo. Lakini kuiandika tarehe si kumvisha mtu taji. Jacques alikuja kupiga vita utumwa, na hilo lisifutwe. Ila dola aliyoifungulia njia ilileta kazi za shuruti, na jumba la makumbusho la Tervuren likaitunza sanamu ya Lusinga miaka mingi bila kumweleza mtazamaji ilivyopatikana. Sanamu ya kichwa cha Storms mwenyewe, iliyosimama katika bustani ya Brussels, iliondolewa mwaka 2022. Kama Wabelgiji wameweza kuichunguza upya orodha ya mashujaa wao, sisi hatuna sababu ya kuiweka yao mwanzoni mwa kitabu chetu.

Pingamizi zito zaidi ni la macho: mti huoza, udongo huyeyuka kwa mvua, mgeni ataonyeshwa nini? Aanze na ziwa. Kabla ya 1878 maji yalipanda, kisha yakafumua njia kupitia Lukuga, na kwa muda usiofika miaka ishirini yakashuka takriban mita kumi. Kwa hiyo akikuta mabaki mbali na ufuko, asiwadhanie wajenzi wa kando ya ziwa kuwa walipenda kukaa mbali na maji. Ng'ambo ya ziwa, Karema, ngome ambayo Mbelgiji Cambier aliianza mwaka 1879 ilijengwa karibu na ufuko, na baada ya maji kushuka ikabaki nchi kavu. Ngome hiyo walikabidhiwa Mapadre Weupe mwaka 1885, pamoja na Mpala. Humo Adrien Atiman, mtoto wa Timbuktu aliyekombolewa utumwani na kusomea uganga Malta, alitibu watu tangu 1889 hadi alipofariki mwaka 1956. Tukitafuta jina moja la kuanzia ziara ya ngome hizi, ningechagua lake kabla ya Jacques na Storms.