Mtunzi Asiyemiliki Utunzi Wake: Migomo ya Waandishi wa Filamu Nchini Marekani

Utangulizi

Tunapohakiki tamthilia darasani, swali la nani mtunzi halitusumbui. Jina lake lipo jaladani. Katika filamu mambo ni tofauti. Nchini Marekani, mwandishi wa tamthilia ya jukwaani hubaki na hakimiliki ya kazi yake. Anayeiandikia studio filamu huiuza kazi hiyo, na mbele ya sheria studio ndiyo huhesabiwa kuwa mtunzi. Makala haya yanadai kuwa tofauti hiyo ndiyo chimbuko la migomo yote ya waandishi wa Hollywood. Aliyeuza kazi yake husalia na mambo mawili tu ya kupigania: jina lake na mrabaha.

Kupigania jina

Mnamo 1933, studio zilipokata mishahara kwa sababu ya mdororo wa uchumi, waandishi walikifufua chama chao, Screen Writers Guild. Mojawapo ya madai yao makuu lilikuwa haki ya kuamua jina la nani lionekane kwenye filamu, kwani awali studio ilimpa sifa yeyote iliyempenda.

Hata hivyo, haki hiyo haikuwalinda wote. Mwaka 1947, Dalton Trumbo na wenzake tisa walikataa kuijibu kamati ya Bunge kuhusu ukomunisti. Walifungwa na kunyimwa kazi. Chama chenyewe kilikubali baadaye kwamba studio zifute majina ya waliotuhumiwa. Trumbo aliendelea kuandika kwa siri. Mwaka 1957, tuzo ya Oscar kwa hadithi ya The Brave One ilitolewa kwa "Robert Rich", jina la bandia. Aliyeandika alikuwa Trumbo. Jina lake halisi lilirejea kwenye filamu mwaka 1960, katika Spartacus na Exodus.

Kupigania mrabaha

Mwaka huohuo wa 1960, waandishi waligoma kwa takriban miezi mitano. Filamu zilikuwa zimeanza kuuzwa kwa televisheni, na studio zilivuna mara ya pili ilhali mwandishi hakupata kitu. Mgomo huo ulileta mrabaha wa filamu zionyeshwazo kwenye televisheni, pensheni na bima ya afya.

Tangu hapo, kila teknolojia mpya imezua ugomvi uleule. Mwaka 1985, waandishi walikubali kiwango kidogo cha malipo ya kanda za video. Kiwango hicho kikahamishiwa kwenye DVD, na wakakijutia kwa miaka mingi. Mgomo wa 1988 ulidumu miezi mitano mingine. Intaneti ilipoingia, hawakutaka kurudia kosa la 1985: waligoma kuanzia tarehe 5 Novemba 2007 hadi tarehe 12 Februari 2008, wakapata haki ya kulipwa kazi zao zinapoonyeshwa mtandaoni.

Gharama ya mgomo

Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Mwandishi alipoweka kalamu chini, seremala, dereva, mpishi na mpambaji wa waigizaji walikosa kazi ingawa hawakuwa na kura katika mgomo huo. Vipindi vya mazungumzo ya usiku vilisimama, na sherehe ya tuzo za Golden Globe ya 2008 ikageuzwa kuwa kikao cha wanahabari. Aidha, vituo vya televisheni viliegemea zaidi vipindi visivyohitaji mwandishi. Kwa hivyo mgomo ulidhihirisha thamani ya mwandishi na papo hapo ukawafunza waajiri jinsi ya kumkwepa.

Mwaka 2023, hofu ya kukwepwa ilipata sura mpya. Waandishi wapatao 11,500 waligoma kwa siku 148, wakidai malipo bora ya filamu za mtandaoni na ulinzi dhidi ya akili bandia. Waigizaji walijiunga nao mwezi Julai. Makundi hayo mawili hayakuwa yamegoma kwa pamoja tangu 1960. Mkataba waliopata ulisema kwamba kompyuta haiwezi kutambuliwa kama mwandishi. Hivyo, baada ya miaka tisini, mjadala ulirudi palepale ulipoanzia: jina la nani lionekane?

Hitimisho

Waliosoma Kilio cha Haki ya Alamin Mazrui wanamkumbuka Lanina na wafanyakazi wa shambani wakidai haki zao. Tumezoea kuuhakiki mgomo kama maudhui ndani ya kazi ya fasihi. Historia hii yatukumbusha kuwa mtunzi naye ni mfanyakazi, na kwamba masharti ya kazi yake huamua kazi ipi itatufikia na kwa jina la nani. Mtahiniwa anayeeleza muktadha wa mtunzi asiishie kwenye tarehe ya kuzaliwa na shule alizosoma. Na aulize pia: aliandika kwa mkataba gani, na nani aliyefaidi?

Maswali ya kujadili

1. Linganisha nafasi ya mwandishi wa tamthilia na ya mwandishi wa filamu katika umiliki wa kazi.
2. "Mgomo humjenga mwandishi na kumbomoa." Jadili ukirejelea makala haya.