Barua za Magazetini na Shahada za Wanawake wa Cambridge

Tangu mwaka 1881 wanawake waliruhusiwa kufanya mitihani ya Chuo Kikuu cha Cambridge, wala hawakupewa shahada. Hata Philippa Fawcett, aliyewashinda wanaume wote katika hesabu mwaka 1890, hakupewa. Mwaka 1897 lilipoletwa shauri la kuwapa jina tu la shahada, watu walibishana kwa barua katika gazeti la Times. Barua hizo hazikuwa porojo. Wenye M.A. walikuwa na kura hata kama walihama chuoni zamani, na kasisi akaaye shamba angejuaje mambo ya chuo ila kwa gazeti? Tarehe 21 Mei walimiminika kwa magari ya moshi. Zaidi ya 1,700 wakakataa, wasiotimia 700 wakakubali. Shahada kamili wanawake walipewa mwaka 1948.